Dereva wa Canter, dereva wa semi, na ugomvi wa getini

Swali: Shikamoo kaka. Naendesha Canter ya tajiri mmoja wa duka la jumla hapa Mtwara mjini, mwaka wa nne sasa. Mzigo unatoka Dar kwa semi, unashushwa yadi, halafu sisi watatu wa Canter tunausambaza madukani mpaka Mikindani na Naliendele. Kila semi ikiingia ni maneno. Wale wa masafa wanasema sisi si madereva, ni watu wa kuzunguka sokoni na nyanya. Sisi tunawajibu kwamba kazi yao ni kukaa kwenye kiti na kushika usukani tu. Mwezi uliopita nusura tupigane. Mifuko saba ya sukari ilionekana imelowa, mwenye semi akasema aliifikisha kavu, nikakatwa mimi mshahara. Naomba uniambie ukweli: dereva hasa ni nani kati yetu? Na je, nihamie masafa marefu? Leseni ya daraja E ninayo.

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na pale kwenye sukari nikarudia mara ya tatu, maana jambo hilo linanigusa kuliko unavyodhani. Nitalifikia, nivumilie kidogo.

Kwanza ujue anayekujibu katokea wapi. Niliendesha Canter hapa hapa mjini miaka mitatu, nikapanda semi ya Dar–Mtwara miaka tisa, na sasa nasimamia magari kwenye yadi na kufundisha vijana wanaotaka kupanda magari makubwa. Maneno yote uliyoyaandika nimewahi kuyatamka kwa kinywa changu, ya upande wako na ya upande wao, na kila mara niliamini kwamba nasema kweli.

Majigambo ya madereva wa masafa huku Kusini yana chimbuko. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Masika ikianza, barabara ya kutoka Kibiti kuja Lindi ilikuwa tope tupu, na lori lililotoka Dar liliweza kumaliza siku nyingi njiani kabla ya kuuona mji. Watu walilala chini ya tela, wakapika ugali kando ya njia, wakafukua matairi kwa majembe na kuyatandikia magogo. Mjini sukari imekwisha, mafuta ya taa yamekwisha, na dereva aliyeingia na mzigo alipokewa kama ndugu aliyeponea chupuchupu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, ndicho kilichokaa bila lami mpaka mwisho, na waliokipita enzi zile hawakisahau. Wengi wa hao mnaogombana nao walianza kama matandiboi, yaani wasaidizi wa dereva, wa wazee hao. Kiburi chao wamekirithi, na hao waliowarithisha walikuwa na haki nacho.

Tena tope lenyewe halijatuaga. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu maeneo ya Somanga, malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili. Mtu aliyekwama pale na mali ya watu mgongoni, maji ya kunywa yanamwishia na simu ya tajiri inaita kila saa, akifika Mtwara ukamwambia kazi yake ni kukaa kwenye kiti, atawaka. Ningekuwa yeye, ningewaka.

Lami nayo imekuja na hatari yake, nayo ni usingizi. Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Gari linalozidi tani tatu na nusu haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Weka hapo mizani, vituo vya polisi, matuta ya vijijini na kusimama kukagua matairi, utaona kwamba semi iliyopakia inaila siku nzima, na wengi huifanya siku hiyo kuwa usiku ili kukwepa jua na foleni. Sasa piga hesabu: kwa mwendo wa 80, gari linatembea mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tano tu, gari la tani 50 limeshapita urefu wa uwanja wa mpira bila mwenyewe. Waliopima mambo haya wamekuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kuitikia sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Na kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wenyewe unadai kulala, hata kama jana yake ulilala vizuri. Kwa hiyo anayeingia yadi alfajiri na macho mekundu usimtanie. Mwambie chai iko wapi, mwonyeshe pa kulala.

Huko "kushika usukani" nako kuna mengi ndani yake. Chukua semi yenye ekseli sita, yaani mihimili sita inayobeba matairi: ya mbele inaruhusiwa tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, tatu za tela tani 24, jumla tani 50. Mzigo ukipangwa vibaya, ukasogea mbele hatua mbili tu, jumla inabaki ile ile lakini ekseli za kichwa zimezidi, na mizani itakushika huku umebeba tani halali. Dereva mzuri wa masafa anajua hayo kwa kutazama matairi yalivyokaa. Anajua kutoa maji kwenye matangi ya upepo asubuhi. Anajua kwamba mteremko wa Mikindani unashukwa kwa gia iliyochaguliwa kule juu, injini ndiyo inayoshikilia gari, wala hangoji kufika katikati ndipo aanze kukanyaga breki mpaka zinuke.

Sasa njoo upande wako, ambao hausimuliwi na mtu vijiweni. Semi imeleta sukari tani 30. Mfuko una kilo 50, kwa hiyo ni mifuko 600. Canter yako ukiipakia kwa haki, tani tatu na nusu, inachukua mifuko 70. Mzigo ulioletwa na mtu mmoja kwa safari moja, ninyi watatu mnautoa kwa safari tisa, na kila safari ina maduka manne au matano. Hizo ni kama mara arobaini za kusimama, kurudi nyuma, kufungua bodi, kuhesabu, kudai saini, na kubembelezana na mwenye duka anayesema hela njoo kesho. Mwenzako tangu Dar huenda amerudi nyuma mara mbili. Wewe unarudi nyuma mara kumi kabla ya saa nne asubuhi, kwenye vichochoro vyenye bodaboda, mama wa samaki, na watoto waliofunga shule.

Hatari yako haina kasi, ndiyo maana watu hawaihesabu. Siku moja nikiwa na Canter, Chikongola, narudi nyuma kuingia kwenye duka nililolizoea. Vioo vyote viwili nimetazama, hakuna mtu. Nikasikia mama anapiga ukelele, nikakanyaga breki kabla sijaelewa anachosema. Nikashuka. Mtoto wa kama miaka minne alikuwa amechuchumaa nyuma ya tairi la kushoto, anachokonoa kizibo cha soda kwenye mchanga, wala hakuinua kichwa. Kutoka tairi hadi kisigino chake ilikuwa shubiri mbili. Nilikaa chini pale pale, miguu imekataa. Tangu siku hiyo sirudi nyuma mpaka utingo asimame nyuma upande wa kulia, ninapomwona kwenye kioo, na nikimkosa kiooni nasimama. Nawe ufanye hivyo, hata kama mwenye duka anapiga kelele na jua linawaka.

Na ufundi wa mjini si mdogo. Mara ya kwanza kuingiza semi kwenye mitaa ya Magomeni ya hapa Mtwara nilikata kona kama mtu wa Canter, tela likanifuata kwa ndani, nikabakiza kiganja kati ya ubavu wa tela na ukuta wa watu. Aliyenitoa ni dereva wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Alishuka, akaniambia, "Kaka, zima redio kwanza," kisha akanirudisha nyuma kwa mikono yake miwili mpaka nikanyooka. Nilikuwa na miaka minne kwenye semi siku hiyo, na yeye semi hajawahi kuigusa.

Kwa hiyo swali la dereva hasa ni nani naliacha hapo. Ugomvi wenu haujatoka kwenye udereva. Umetoka getini.

Tazama mnavyolipwa. Mwenzako wa semi ana mshahara, lakini anachokitegemea ni posho ya safari. Anapewa Dar kwa mkupuo, na humo humo anakula, analala, na pengine anamtunza tandiboi. Akishusha leo na kugeuza leo, kinabaki kitu cha kupeleka nyumbani. Akilazwa yadi siku mbili, posho imekwisha, na safari nyingine ya mwezi huo imemponyoka. Wewe unalipwa kwa mwezi. Semi ikichelewa kufunguliwa mpaka saa tisa alasiri, mshahara wako haupungui, ila maduka yanakusubiri, na utamaliza kusambaza saa tatu usiku bila senti ya ziada. Zaidi ya hapo, yeye anataka ushushe haraka, wewe unataka ushushe kwa hesabu, kwa kuwa ukipokea vibaya utalipa wewe. Saa ile moja ya pale getini kwake ni hela inayomtoka mfukoni, kwako ndiyo kinga pekee uliyo nayo. Mwenye kupanga malipo hayo hayupo pale, yuko ofisini. Mliopo ni ninyi wawili, mmoja hajalala na mwingine tayari amechelewa. Kipigwe nini tena kama si kelele?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiangalii nani ana gari kubwa. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha na za ziada, siku haitakiwi kuzidi saa 12. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Baada ya saa tano mfululizo za kazi kuna mapumziko ya saa moja, na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena unapaswa kupata saa 12 za kupumzika. Yasome hayo na huyo mliyetaka kupigana naye, maana yanawahusu sawasawa: wewe unayemaliza Naliendele saa tatu usiku, na yeye aliyepita Nangurukuru saa tisa alfajiri.

Nilipopewa kusimamia yadi niliomba mambo mawili kwa tajiri, nikamwonyesha kwenye karatasi yatamgharimu kiasi gani na madai ya mzigo ulioharibika yanamgharimu kiasi gani. La kwanza, semi ikilazwa zaidi ya siku moja kwa sababu zetu, dereva apewe posho ya siku, iandikwe, isitegemee huruma ya mtu. La pili, dereva aliyeingia usiku akabidhi karatasi na funguo kwa mtunza stoo, akalale; kushusha kusianze mpaka ameamka na yupo pale kushuhudia. Alikubali la kwanza kwa shingo upande na la pili mara moja. Matusi hayakwisha siku ile, lakini yalipungua mpaka yakawa utani. Nakwambia hili ili ujue linawezekana, na kwamba wa kulipeleka kwa tajiri wako ni ninyi wote kwa pamoja, watu wa Canter na watu wa semi, mkiwa na karatasi moja.

Sasa sukari.

Mwaka wangu wa tano kwenye semi nilitoka Dar na unga wa ngano. Mvua ilinikuta Nangurukuru, usiku. Turubai langu lilikuwa na tundu karibu na pembe ya nyuma ya kushoto. Nililijua. Nilikuwa nimelikunja mara mbili na kulibana kwa kamba, nikajiambia litavumilia safari hii, nitalishonesha Dar. Nilipofika Mtwara alfajiri nilizunguka nyuma, nikaingiza mkono chini ya turubai pale pembeni, nikagusa mfuko. Ulikuwa wa baridi na laini, unabonyea kama andazi lililotumbukia kwenye chai. Nikautoa mkono, nikaufuta kwenye suruali, ukaacha alama nyeupe. Kijana wa Canter alikuja mbio, maduka yanamwita, akahesabu idadi tu, akasaini. Mchana mwenye duka mmoja wa Ligula akarudisha mifuko minne. Jioni tuliitwa wote wawili. Yule kijana wa Canter akaniuliza mbele za watu, kwa adabu, "Kaka, si uliishusha kavu?" Nikasema ndiyo.

Alikatwa yeye. Mimi nilipanda gari usiku ule nikarudi Dar. Wiki mbili baadaye nikaja na mzigo mwingine, akanipokea vizuri kama kawaida yake, akaniletea maji ya kunawa. Miezi minane ilipita kabla sijapata ujasiri wa kumtafuta nimwambie, na nilipomtafuta alikuwa ameshaacha kazi pale. Fedha nilimpelekea kwao Mikindani. Akazipokea, akanyamaza, na mpaka leo sijui kama alinisamehe.

Simwiti mwenzako mwongo, sikuwepo. Nakwambia tu kwamba dereva wa semi anaweza kusema uongo akiwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye watoto, aliyeogopa kukatwa posho. Na tajiri aliyekata mshahara wako bila kuuliza turubai lilikuwaje hakutafuta ukweli, alitafuta aliye karibu.

Sheria hiyo hiyo ya 2004, kifungu cha 28, inasema jinsi makato ya hasara yanavyotakiwa kwenda. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akuandikie sababu na kiasi anachotaka kukata. Akupe nafasi ya kutosha kupinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Kama uliambiwa kwa mdomo siku ya mshahara kwamba "ile sukari tumeikata," hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofanyika. Andika barua ya kupinga, kwa lugha ya heshima, ukitaja tarehe, idadi ya mifuko na kwamba hukuwahi kupewa notisi. Baki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Asipojibu, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, ina ofisi hapa mkoani. Mgogoro wa aina hii unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kama ukifukuzwa kwa sababu ya kudai, huo ni mgogoro mwingine, na muda wake ni mfupi zaidi: siku 30.

Na kuanzia semi ijayo upokee hivi. Kabla kamba haijafunguliwa, zunguka gari lote na dereva wake, piga picha za turubai kwa simu, hasa pembe na pale linapokutana na bodi. Kama ni kontena, soma namba ya sili, ile lakiri ya kufungia mlango, ulinganishe na iliyo kwenye karatasi kabla haijakatwa. Mfuko ukishuka, makuli wasiupandishe kwenye Canter moja kwa moja. Wa pembeni na wa chini uguswe kwa mkono. Uliolowa unawekwa kando, na kwenye delivari noti, ile karatasi ya kupokelea mzigo, unaandika kwa kalamu, juu ya saini yako: mifuko kadhaa imelowa, imepokewa hivyo. Msaini wote wawili. Dereva mwaminifu atafurahi, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda naye akirudi Dar na kuambiwa mzigo ulipungua. Anayekataa kusaini, usipokee mpaka mtunza stoo aje. Utachelewa nusu saa. Chelewa.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini ningekuwa rika lako lingeninyima usingizi kuliko kejeli za yadi. Barabara ikinyooka, Fuso inapakia Kariakoo na kwenda kushusha moja kwa moja kwenye duka la Tandahimba au Newala, bila kupita yadi yoyote ya Mtwara mjini. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina kilomita 210. 50 za kwanza hadi Mnivata zina lami tayari, na 160 zilizobaki ndizo zilizoingia kwenye ujenzi. Kila kipande kikikamilika, mwenye duka wa bara anazidi kuona hana haja na mtu wa kati. Siku hizi hata mjini kuna semi zinazosimama nje ya duka kubwa, makuli wakabeba kutoka tela hadi ndani. Hiyo ndiyo inayopunguza safari zako. Yule anayekucheka yadi hajakupunguzia hata moja. Yeye na wewe mnakula kwenye sinia moja, maana yadi ikifa atakosa pa kushusha na wewe utakosa pa kupakia.

Kinachowabeba watu wa magari madogo na ya kati bado ni korosho. Oktoba ikiingia hata hewa ya mji inabadilika, Mtwara kuchele inakuwa kweli, kumekucha. Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kwa mnada kupitia ghala, ilipoanza mwaka 2007, korosho inatoka kwa mkulima kwenda AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kutoka AMCOS kwenda ghala kuu ndipo inaponadiwa. Ile safari ya katikati, kwenye mchanga wa vijiji vya Newala na Tandahimba, semi haiiwezi. Ni kazi ya mtu anayejua ukifika mwembe upi unakata kushoto, na wapi mchanga unameza tairi ukipunguza mwendo. Msimu huo nimeona madereva wa semi wakiwa wamepanga foleni nje ya maghala, wanawasalimia watu wa Canter kwa majina. Kama una miaka minne hapa, hilo ndilo soko la ujuzi wako, na tajiri wako anapaswa kulipia zaidi miezi hiyo. Mwambie Septemba, kabla hajaahidi magari kwa watu.

Uhamie masafa au ubaki? Nakuona una mambo mawili ndani ya swali hilo na ningependa uyatenge. Kama unataka kuhama ili usiitwe tena mtu wa nyanya, usihame. Nimefundisha vijana wa namna hiyo. Wanaendesha usiku wakiwa wamechoka kwa sababu wanaona aibu kusema wamechoka, na ninaogopa kupokea simu zao. Lakini kama unaipenda barabara, una miaka michache mbele kabla mgongo haujaanza kudai, na nyumbani kwako mmekubaliana kwamba utakuwa mtu wa kuonekana siku mbili kwa wiki, nenda. Ukubaliane kweli, kwa mazungumzo, na mkeo kama unaye. Msiba, mtoto kuumwa, sherehe ya jando, vyote vitakukuta Kibiti au Mbinga. Na usirukie semi moja kwa moja. Fanya msimu mmoja au miwili kwenye Fuso ya tani kumi, njia ya Masasi na Mangaka, ujifunze kusikiliza gari zito likishuka mlima. Halafu ukae kiti cha kushoto cha semi safari tatu nne na mtu mwenye subira. Leseni ya daraja E inakupa ruhusa. Mkono unaupata huko.

Utakapoitwa na mwenye semi, kabla hujashika funguo muulize mambo haya, na majibu yawe kwenye mkataba: gari likilazwa nani analipa siku hizo, faini ya mizani ikitoka kwa mzigo uliopangwa na wengine ni ya nani, turubai likichanika linashonwa kwa hela ya nani na kwa siku ngapi, na mchango wako wa NSSF unaingia lini. Anayekasirishwa na maswali hayo muage kwa heri.

Na kama huyo atakayekupa semi ni tajiri wako wa sasa, jambo la mifuko saba limalizike kwanza. Aliyekukata bila barua kwa kilo 350 za sukari atakufanyia nini kwa tani 30? Hesabu ya siku 60 inaanzia siku ya makato, nawe umesema ni mwezi uliopita. Itafute hati yako ya mshahara leo jioni uangalie tarehe.